Noah nyeupe ikipita usiku: mwongozo kwa maadmini wa makundi ya mtaa

Saa nne na dakika kumi usiku, Jumanne moja, sauti ya sekunde arobaini iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa, hapa Nyegezi, Mwanza. Mwanamke anahema kama katoka kukimbia: "Jamani fungieni watoto ndani. Kuna Noah nyeupe inazunguka Buhongwa na Nyegezi, wameshabeba watoto wawili, wanawatoa damu. Mmoja wao kashushwa stendi, kavaa koti jeusi. Mtumie kila unayempenda." Ilipofika saa nne na nusu jumbe zilishapita mia, na kijana mmoja akawa ameandika: "Wa koti namuona, yuko hapa dukani kwa Mangi."

Wa koti alikuwa fundi friji kutoka Sengerema, kakosa gari la kurudi, ananunua soda. Aliokolewa na Mangi mwenyewe, aliyewahi kutengenezewa friji naye. Alimvuta ndani, akashusha geti. Admini wa kundi ni mimi. Nilikuwa nakula, simu iko kwenye chaji.

Kazi yangu ni kutengeneza simu. Si mwanasheria, si mwandishi wa habari. Ninayoandika hapa nimeyaokota baada ya usiku ule, mengine kwa kukosea. Yatamfaa admini wa kundi la mtaa, la kikoba, la wazazi wa darasa la tatu, la kwaya au la wavuvi wa mwalo mmoja.

Hatua ya kwanza: andika kanuni wakati watu wanacheka

Kanuni inayoandikwa katikati ya ugomvi huonekana imeandikwa kwa ajili ya mtu fulani, na mara nyingi ni kweli. Andika siku ya amani, ziwe chache, zikae kwenye maelezo ya kundi pale juu ambapo mgeni anaziona akiingia. Za kwetu ni nne:

1. Sema unachofikiri juu ya jambo lolote, hata serikali, hata chanjo, hata mpira, bila matusi.
2. Ukitaja kwa ubaya mtu, nyumba, gari au biashara ya hapa kwetu, uwe umeona kwa macho yako, na useme wapi na saa ngapi. Hukuona, mpigie admini kwanza.
3. Picha za maiti, majeruhi na watoto wa watu haziwekwi.
4. Admini akifuta ujumbe ataje sababu hapahapa kundini. Asipotaja, mdaini.

Ya nne sikuitunga mimi. Iliwekwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini. Alinipigia akasema, "Wewe nawe ni binadamu, fundi. Ukipewa panga la kufyeka usituambie hutakata hata mche mmoja." Nilikasirika siku mbili, kisha nikaiweka.

Hatua ya pili: jua kilichoingia ni nini

Watu huita kila kitu "uvumi", ndipo wanapokosea. "Kwa nini bei ya dagaa soko la Mwaloni inapanda wiki ileile kwa wachuuzi wote, kuna watu wanakaa mahali wanapanga?" Hilo ni swali, na ni swali zuri. "Wakubwa wanatuficha mengi" ni maoni. "Chanjo ya wasichana inaondoa kizazi" ni dai, linaweza kuchunguzwa. "Yule bibi wa nyumba ya bati jekundu ndiye anawala watoto" ni shutuma. Swali na maoni viache vipite. Dai lijibiwe. Shutuma ndiyo inayokunyanyua kwenye kiti.

Nadharia ya njama, kwa maana ya dai kwamba kuna watu wachache wamekaa kwa siri wakapanga jambo linalotuumiza sote, inaweza kuja kwa sura yoyote kati ya hizo nne. Kwa hiyo usiulize tu "hii ni nadharia ya njama au siyo?" Jibu lake halikusaidii saa nne usiku.

Hatua ya tatu: pima umbali

Hapa ndipo nataka usome polepole. Swali ninalojiuliza sasa ni moja: je, kuna mtu ambaye watu wa kundi hili wanaweza kumfikia kwa miguu usiku huu?

Tuna dereva wa bodaboda asiyeamini kwamba Wamarekani walitua mwezini mwaka 1969. Anaamini pia kwamba Frimasoni ndio wanaopanga nani awe tajiri duniani. Kila mwezi analeta video ya dakika kumi, watu wanamwambia "hiyo chai, kaka", anajibu, wanabishana mpaka saa sita, wanalala. Kuna mtu aliniomba nimtoe. Kwa kosa gani? Mwezi hauna mlango wa kuvunja. Huyo aachwe azungumze, na mimi wakati mwingine namchokoza mwenyewe.

Sasa weka pembeni yake jambo la tarehe 1 Oktoba 2016 kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Selian cha Arusha walikuwa kazini kuchukua sampuli za udongo. Ukapigwa ukunga kwamba wanyonya damu wameingia kijijini. Watafiti wawili na dereva wao waliuawa na gari lao likachomwa moto. Waliobebeshwa hadithi ile ya damu walikuwa wamesimama shambani, mita chache kutoka kwa walioiamini.

Hadithi yenyewe ni kuukuu. Wazee wetu waliiita mumiani tangu enzi za mkoloni, na imekuwa ikibadili gari tu: jana Land Rover, leo Noah. Sisi wa Kanda ya Ziwa tusijifanye wageni. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yao ni mekundu kwa sababu wamepikia kuni na samadi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha miaka hamsini. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo Mwanza, Geita na Shinyanga kwa sababu mtu alimwambia mtu kwamba kiungo kinavuta samaki wavuni na dhahabu shimoni. Hayo nayo ni madai juu ya siri ya utajiri. Kundi la simu linayapa miguu ya kukimbilia.

Umbali haupimwi kwa kilomita peke yake. Desemba 2016, huko Marekani, mwanaume mmoja aliendesha gari kutoka jimbo la North Carolina hadi Washington akiwa na bunduki, akaingia kwenye mgahawa wa piza na kufyatua risasi. Alikwenda kuwaokoa watoto aliosoma mtandaoni kwamba wamefungwa kwenye chumba cha chini ya ardhi. Mgahawa ule haukuwa hata na chumba cha chini. Maelfu walibishana juu ya hadithi ileile kama mchezo, ila kulikuwa na anuani ndani yake, na ilitosha mmoja kuifuata.

Kwa hiyo tafuta anuani: jina, nyumba, namba ya gari, picha ya uso, duka, kabila la wapangaji wa mtaa fulani. Ikikosekana, ni mbali, acha watu wabishane. Ikiwepo, ni karibu, na kanuni ya pili inaanza kazi hata kama aliyeleta ni mchungaji wako. Kuna na umbali wa mfukoni: yule mtu wa Frimasoni akileta tangazo la "jiunge upate utajiri, tuma elfu hamsini ya fomu kwa namba hii", nadharia imeshafika mlangoni. Hilo tulilifuta, na ile namba tukaituma 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli wa simu.

Hatua ya nne: dakika kumi za kwanza

Fungia kundi. Gusa jina la kundi juu, shuka hadi kwenye ruhusa, zima inayowaruhusu wanachama wote kutuma ujumbe, wabaki maadmini. Hujamnyima mtu uhuru wake milele. Umezima jiko ili chungu kisifurike.

Kisha andika ujumbe mmoja, mfupi, usio na dharau. Wangu ninao tayari kwenye noti za simu:

"Ndugu zangu, sauti ya Noah imeingia saa 4:10. Aliyeituma hakuona kwa macho. Nampigia mwenyekiti wa mtaa na polisi sasa hivi. Watoto wawe ndani, sawa, hilo halina ubaya. Asitoke mtu kumfuata mtu. Narudi saa 4:40 na nilichopata."

Saa uliyoahidi itimize, hata kama jibu lako ni "bado sijampata mwenyekiti". Ukichelewa, watu watahamia kundi lingine ambalo halikufungwa.

Ile sauti ihifadhi kwanza kwenye simu yako, polisi wanaweza kuihitaji, ndipo uifute kwa wote. Admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Ukiifuta bila kusema neno, umejipikia mwenyewe nadharia mpya: "Wanaficha."

Halafu mpigie aliyetuma. Usimwandikie, mpigie. Yangu ya usiku ule ilikwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Mbona umetufungia?"

"Nimefunga kidogo tu. Ile sauti ni ya kwako?"

"Hapana, kanitumia wifi yangu."

"Wifi kaiona Noah?"

"Yeye katumiwa kwenye kundi la kwaya."

"Kwaya ya wapi?"

"Geita."

"Sasa mama, Noah iko Geita au iko Nyegezi?"

Akanyamaza. Nikasikia maji yanamiminwa. "Fundi," akasema, "mimi nina mabinti wawili na baba yao yuko ziwani. Ulitaka nifanyeje?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia angenipigia. Akasema, "Nilikupigia mara mbili, hukupokea." Nilipoangalia, kweli. Simu ilikuwa kwenye chaji, kimya.

Hatua ya tano: chunguza bila kumaliza bando

Ujumbe wenye mishale miwili na maneno yanayoonyesha umesambazwa mara nyingi umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. WhatsApp haiwezi kusoma kilichomo, inahesabu safari tu. Hesabu hiyo haikuja bure: mwaka 2018 nchini India watu waliuawa na makundi yenye hasira kwa uvumi wa wezi wa watoto, hadithi ileile ya kwetu, na kampuni ikaanza kubana usambazaji. Mwaka 2019 ikaweka kikomo cha mazungumzo matano kwa mara moja dunia nzima, na 2020 zile zilizosambazwa sana zikawekewa moja. Mishale miwili haimaanishi uongo. Inamaanisha anayekutumia hajui chanzo, na hilo tu linakutosha kumuuliza.

Picha iweke kwenye Google Lens uone imewahi kuonekana wapi. Sauti haina njia ya mkato hiyo, basi isikilize mara ya pili ukiwa na kalamu. Imetaja tarehe au imesema "leo"? Imetaja shule gani? Lafudhi ni ya wapi? Ile ya Noah ilisema "leo", na mteja mmoja aliponiletea simu ya zamani nimtolee picha, nikaikuta ndani yake. Ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Wakati huo ilitaja Igoma na Kisesa; kuna mtu aliirekodi upya akabadili majina ya vituo.

Kingine ni kuivunja hadithi vipande. Hili Mwanza tulilisoma kwa machungu. Mwaka 2004 ilitoka filamu iliyopigwa hapa jijini, ikidokeza kwamba ndege zilizokuja kuchukua minofu ya sangara zilikuwa zikishusha silaha za kupeleka vitani. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani, na mjini watu wakagawanyika. Wengi walichobishania ni mapanki, yale mabaki ya sangara yenye mifupa baada ya minofu kutolewa: watu wanakula, au ni chakula cha kuku? Aliyeishi Mwanza miaka ile anajua kwamba mapanki yalikaangwa na kuliwa, na hakuhitaji filamu wala hotuba kumwambia. Ila mapanki ni kipande kimoja na silaha ni kingine. Cha kwanza unakwenda kukiona sokoni. Cha pili kinataka hati za mizigo, shahidi, namba ya ndege. Hadithi nyingi za njama hufunga kipande unachokijua na kipande usichokijua kwa kamba moja, na ukikubali kimoja unajikuta umebeba vyote. Kata kamba. Uliza kila kipande peke yake.

Hatua ya sita: usigeuke kuwa msemaji wa serikali

Maadmini wengi, mimi nikiwemo, tukishaogopa tunafuta kila kinachokanushwa. Ni makosa, na ziwa hili lina mifano.

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuna washukiwa wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Waziri wa Afya akasema sampuli zimepimwa, hakuna. Kundini kwetu mtu alileta taarifa ya kwanza, mwingine akamwita mzushi na msaliti. Tarehe 20 Januari Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, alitangaza kwamba mgonjwa amethibitishwa, wilaya ya Biharamulo. Fikiria ningekuwa nimemtoa yule wa kwanza.

Rudi nyuma zaidi, mwaka 1999. Habari kwamba wapo wanaovua kwa sumu Ziwa Victoria zingeweza kuitwa maneno ya wivu ya washindani. Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa ziwa letu kwa sababu hiyo, na waliolala njaa walijua si hadithi. Na Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kivuko cha abiria 101 na wakafa zaidi ya 220, kama mtu angeniambia siku ya pili kwamba ndani ya chuma kile kuna mtu bado anapumua, ningemwambia aache kuchezea misiba ya watu. Alikuwemo, fundi wa mitambo, akatolewa hai.

La kwangu ni dogo na linaniuma zaidi. Kuna ofisi ya mikopo na "uwekezaji" ilifunguliwa karibu na stendi: weka laki, baada ya wiki nne chukua laki na arobaini. Muuza chipsi mmoja akaandika kundini kwamba wale ni matapeli, wanalipa wa jana kwa pesa ya leo. Alitaja biashara kwa jina, hakuwa na ushahidi wa macho, kanuni ya pili ilikuwa upande wangu. Nilifuta. Nilichoficha ni kwamba wakala wao alikuwa rafiki yangu na mimi mwenyewe nilishaweka laki mbili. Wiki ya tatu tukakuta kufuli. Muuza chipsi hakunisema. Alichofanya ni kuweka ile skrinshoti ya ujumbe wake kwenye stetasi, bila maneno, siku saba.

Tangu siku hiyo kuna nyongeza: admini mwenye maslahi na jambo hafuti, anamwachia admini mwenzake. Na onyo kuhusu biashara halifutwi. Linaambatanishwa na majibu ya mwenye biashara, akipewa siku moja kujibu. Shutuma inayoweza kumletea mtu fimbo na moto ni tofauti na shutuma inayoweza kumletea mtu maswali. Ya pili ivumilie.

Hatua ya saba: kuzungumza na anayeamini

Mfuate pembeni, usimjibu mbele ya watu mia mbili. Mtu akichekwa hadharani hawezi tena kurudi nyuma bila kuaibika, hata akigundua amekosea. Anza na kile kilicho kweli ndani ya anachosema, maana karibu kila mara kipo.

Mama mmoja alikataa binti yake asichanjwe chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. "Wazungu wanafanyia majaribio watoto wa Mwanza," alisema. Muuguzi wetu wa kundi angeweza kumwambia huo ni ujinga. Alimwambia: "Ni kweli mama, utafiti ulifanyika hapa Mwanza." Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kuanzia mwaka 2017, kuona kama dozi moja inatosha mahali pa mbili au tatu. Ulifanywa wazi, wazazi wakisaini, na watafiti wa Tanzania wakiwemo. Dozi moja ikaonekana inatosha, na mwaka 2024 nchi nzima ikahamia kwenye dozi moja. "Kwa hiyo ya binti yako si jaribio. Jaribio lilishaisha, hawa wa hapa ndio waliotupa jibu." Mama aliuliza maswali mengine sita, kuhusu kizazi, kuhusu homa baada ya sindano, kuhusu nani analipa. Alijibiwa yote. Kama alimpeleka binti, sijui, na hakuna aliyemuuliza. Sharti la mazungumzo lilikuwa hilo.

Hatua ya nane: sheria, kwa kifupi

Watu wakifutiwa ujumbe hupaza sauti: "Uhuru wa maoni uko kwenye Katiba!" Upo, ibara ya 18, na ibara ya 30 inasema haki ya mmoja isitumike kuvunja haki ya mwingine. Ila ibara hiyo inakulinda zaidi dhidi ya dola. Kundi la mtaa ni kama sebule. Mwenye sebule anaweza kusema hapa hatutukanani, nawe una haki ya kufungua sebule yako. Hata Marekani, wanaojisifu kwa uhuru wa kusema kuliko wote, Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao yanaifunga mikono serikali, hayamlazimishi mtu binafsi akubebee maneno yako. Wala hayakumwokoa mtangazaji Alex Jones: alidai mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012 yalikuwa maigizo, wafiwa wakasumbuliwa na waliomwamini, na mwaka 2022 baraza la mahakama huko Connecticut likaamua awalipe dola milioni 965.

Hapa kwetu iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 16 kinamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Neno "akijua" lisome mara mbili. Usikitumie kifungu hiki kama fimbo ya kumtishia kila jirani anayekuudhi. Nimeona maadmini wakifanya hivyo, na kundi linakufa. Watu wanabaki kutumiana maua ya asubuhi njema na matangazo ya viwanja.

Kuna mpaka mmoja sina mjadala nao: maneno yanayoligeuza kundi la watu kuwa wadudu. Wakubwa wa Mwanza na Kagera wanakumbuka mwaka 1994, miili ikiteremka Mto Kagera mpaka ziwani, watu wakaogopa kula samaki. Rwanda kulikuwa na redio, RTLM, iliyowaita Watutsi mende. Mahakama ya kimataifa iliyokaa hapahapa Arusha, mwaka 2003, iliwatia hatiani watu watatu kwa maneno ya redio hiyo na ya gazeti, na ingawa rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo, vilibaki vya miaka thelathini na zaidi. Kundini, mtu akiandika kwamba kabila fulani, au wakimbizi, au wa dini fulani ni wadudu wa kusafishwa, sipimi umbali tena.

Hatua ya tisa: kumtoa mtu

Onyo la kwanza pembeni, la pili kundini, la tatu siku saba nje, na tarehe ya kurudi aijue. Tumetoa wanne kwa miaka mitatu; watatu walirudi. Wa nne alifungua kundi lake lenye watu sitini, nami nimo humo, sisemi kitu, nasoma.

Hatua ya kumi: jiandae kwa simu isiyoshika

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikakaa hivyo siku kadhaa. Kundi lilikufa, uvumi ulitembea kwa miguu na kwa bodaboda, na hakuna admini aliyeweza kuufungia. Baada ya hapo tuliandika namba kumi kwenye karatasi: mabalozi wa nyumba kumi wanne, muuguzi, mwenyekiti wa mtaa, shehe, mchungaji, Mangi na yule mzee wa melini. Karatasi iko dukani kwangu, nakala iko kwa Mangi. Piga simu ya kawaida, SMS ya kawaida, au tuma mtoto.

Panga na zamu ya usiku. Giza la mwezi likiingia, wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, nusu ya wanaume wa mtaa wako ziwani hadi alfajiri, na ndizo siku ambazo sauti za Noah huja. Mimi nikilala nimelala. Zamu ya usiku anayo mama anayekaanga maandazi stendi, anaamka saa tisa kukanda unga na simu iko mezani pembeni ya beseni. Kioo chake kilikuwa kimepasuka katikati, akawa haoni vizuri mishale miwili. Nimemwekea kipya, sijamdai.